Wakiniuliza "Hajambo mtoto?" niwajibu nini?

Assalaam alaykum bibi yangu,

Nakuandikia kutoka Kojani, Pemba. Nina watoto wanne, na wa tatu ni msichana wa miaka saba. Hakai peke yake, hatembei, na maneno yake ni matatu tu: "ma", "ba", na la tatu ambalo sisi wa nyumbani ndio tunaojua kuwa ni "maji". Alipozaliwa alichelewa kulia. Hospitali walituambia ana mtindio wa ubongo. Kifafa nacho kilimwanza alipotimiza miaka miwili. Mama mkwe wangu, Mungu amzidishie, ndiye tunayesaidiana naye usiku na mchana, lakini mpaka leo anasema mtoto alichezewa na shetani wa bahari, na kila nikitaka kumpeleka kwenye mazoezi hukunja uso.

Wiki iliyopita sheha aliniletea barua. Kuna mradi wa jumuiya moja utakaogharamia mahitaji ya watoto wenye ulemavu kwa mwaka mzima, na kila mtoto atapangiwa vyake. Nimeitwa Wete kwenye kikao cha kupanga mahitaji ya mwanangu. Watakuwepo afisa wa ustawi wa jamii, mwalimu wa elimu mjumuisho, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, sheha wetu na watu wa mradi. Kila mzazi atapewa dakika 45. Zimebaki wiki tatu.

Bibi, badala ya kufurahi nimeingiwa na hofu. Mwaka juzi niliitwa kikao kama hiki, cha watu wengine. Waliniuliza, "Hajambo mtoto?" Nikajibu, "Hajambo, alhamdulillahi." Anakula? Nikasema anakula. Analala? Analala. Mnahitaji nini? Nikasema chochote mtakachojaaliwa tutashukuru. Nikatia dole gumba, nikatoka, hata dakika kumi hazikufika. Baada ya miezi tukaletewa kigari cha magurudumu, cha mtu mzima. Mtoto akiwekwa humo anateleza mpaka shingo inajikunja. Na kwetu njia ni mchanga na mawe, nyumba zimebanana, magurudumu hayapiti. Kwenye mashua ndiyo usiseme. Sasa kipo uwani, tunaanikia nguo. Watu wakipita husema, "Huyu kapewa kigari na hakitumii," nami naona haya.

Mume wangu yuko dago, kambi ya wavuvi, hatarudi kabla ya kikao. Mimi skuli niliishia darasa la saba, na mbele ya watu wa ofisini ulimi wangu huwa mzito. Tena naogopa: nikieleza shida zote si nitakuwa nanung'unikia alichonipa Mola? Na yale ya choo nitayasemaje mbele ya sheha, ambaye ni ami yake mume wangu?

Ukiniuliza mwenyewe ninachotaka, utacheka. Nataka mwanangu akae mkekani ale sinia moja na wenzake. Sasa hivi namlisha pembeni, kalala mapajani mwangu, wenzake wako kule wanacheka na yeye anawatazama. Lakini hilo naona si jambo la kupeleka kikaoni.

Nisaidie bibi. Wakiniuliza tena "Hajambo mtoto?" niwajibu nini?

Mama wa watoto wanne,
Kojani

*

Waalaykumu ssalaam mwanangu,

Sikucheka. Pale pa sinia niliiweka barua yako chini nikanyamaza kwanza, kisha ndipo nikaendelea. Nitalirudia hilo, maana kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Tuanze na kigari. Aibu unayoiona kila ukipita uwani si yako. Kigari cha mtoto hakigawiwi kama kanga za sadaka, kwamba yeyote atajifunga. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 kwa ajili ya nchi zenye uwezo mdogo kama zetu, na humo hatua za kumpatia mtu kigari ni nane: anaelekezwa pa kwenda, anapimwa na kuangaliwa anavyoishi, kinaandikwa kinachomfaa, kinatafutiwa fedha na kuagizwa, kinatayarishwa, anakijaribu na kurekebishiwa, yeye na wanaomlea wanafundishwa kukitumia, kisha anafuatiliwa. Nyinyi hatua zote hizo zilirukwa, chuma kikaletwa mlangoni. Hakuna aliyepima nyonga za mtoto, wala aliyeuliza njia ya kwenu ikoje. Lakini na wewe nikwambie kwa mapenzi: hukuwapa neno lolote la kuwazuia. Uliwaambia hajambo.

Nakwambia kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo. Kijana wangu ana miaka 24 sasa, na yeye ana mtindio wa ubongo. Alipokuwa na miaka sita nilikaa mbele ya mtu mwenye kalamu, mahali ambapo sitapataja, nikaulizwa hali yake. Usiku uliotangulia sikufumba jicho kwa kifafa chake. Nikasema hajambo. Akaandika "hali ya mtoto ni nzuri". Karatasi ile nilitembea nayo miaka mitatu, kila ofisi niliyoingia walianza kuisoma, na kila aliyeisoma alinitazama kama mtu anayetaka kisicho haki yake.

Hili "hajambo" letu ni salamu. Mtu amefiwa jana, ukimuuliza hujambo atakwambia sijambo. Ndivyo tulivyolelewa, na ni adabu nzuri, sitaki uiache. Ila kalamu haijui salamu. Ukisema hajambo inaandika hajambo, na aliye hajambo hapangiwi kitu.

Sasa hofu yako ya kumnung'unikia Mola. Nabii Ayyub ndiye tunayempigia mfano wa subira, naye alimwambia Mola wake wazi kwamba imemgusa dhara. Subira yake haikumzuia kulitaja linalomuuma. Na mgonjwa anapomwonesha tabibu panapouma, nani anasema amekufuru? Wewe unakwenda kumsemea asiyeweza kujisemea. Ukinyamaza kwa ajili ya kulinda shukrani yako, anayelipa ni mtoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nao hawakuwa watu wasio na haya.

Basi tufanye kazi. Wiki tatu ni nyingi ukizianza leo.

Chukua daftari moja la skuli. Kwa siku tatu mfululizo andika kila anachofanyiwa mtoto, kutoka alfajiri mpaka alfajiri ya pili. Usiandike maradhi, andika siku. Kama mkono ni mzito, wewe sema na mwanao mkubwa aandike. Nataka kusoma namna hii: "Saa 11 alfajiri kaamka kalowa, nimembadilisha, nimefua shuka mbili. Saa 1 uji, dakika 50, kakohoa mara nne, nusu kikombe kimerudi. Saa 3 nimembeba mgongoni kwenda dukani kwa sababu hapana wa kumwachia. Saa 8 usiku kifafa, kama dakika tatu, bibi yake alikuwa naye, hakulala tena." Hizo nimezitunga, wewe zako unazijua. Ukimaliza siku tatu, ongeza na ya nne: siku iliyokuwa mbaya kuliko zote katika mwezi uliopita, hata kama imetokea mara moja tu. Sisi tukiulizwa tunaeleza ile siku njema, na mpango uliopangwa kwa siku njema hukatika siku ile mbaya ikifika. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wale wa mezani hawajalala kitanda chako hata usiku mmoja. Daftari ndilo litakalowalaza.

Kuna nchi ambazo jambo hili limekuwa mfumo mzima. Australia walianzisha mwaka 2013 Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, na humo kila mtu anapangiwa vyake na bajeti yake, kama mnavyotaka kufanyiwa nyinyi. Wazazi wa kule nao huingia kikaoni matumbo yakiwasokota, usidhani ni wewe peke yako. Kuna kitu kimoja cha kwao nataka ukichukue. Mpango ule haulipii yale ambayo mzazi yeyote angemfanyia mtoto wa umri ule. Kwa hiyo mzazi hujifunza kumweka mwanawe sambamba na mtoto mwingine wa umri huo huo na kuonesha tofauti. Ukisema "namlisha", mtu atafikiri kila mama analisha. Sema hivi: "Mtoto wa wifi yangu ana miaka saba pia. Yeye anajitawaza, anavaa mwenyewe, anakwenda chuo cha Kurani asubuhi na skuli mchana, anatumwa dukani. Wangu nampandisha na kumshusha kwa mikono mara ishirini kwa siku." Hapo hapana atakayechanganya. Zihesabu kweli lakini, usitaje ishirini kwa sababu mimi nimeitaja.

Na huenda wakakusomea maswali ya fomu: ana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka au kuzingatia, kujihudumia, kuwasiliana? Maswali hayo sita ni ya Kundi la Washington, la wataalamu wa takwimu za ulemavu, yanatumika nchi nyingi hata kwenye sensa. Majibu yake ni manne: hana shida, ana shida kidogo, ana shida sana, hawezi kabisa. Mama zetu wengi husema "kidogo" kwa kila swali, kwa kuona "hawezi kabisa" ni neno la kumtia mtoto nuksi. Mwanao kutembea hawezi kabisa. Liseme kama lilivyo. Lakini kuwasiliana, tazama vizuri: ana maneno matatu, ana macho, anajua wenzake wanacheka. Hilo si "hawezi kabisa", na usiliache lipotee. Mtaalamu wa mazoezi naye mwombe akuandikie ngazi ya mtoto katika kipimo cha ngazi tano cha mwendo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kimetoka Kanada mwaka 1997 na wataalamu hao wanakijua. Ngazi ya tano ndiyo nzito kuliko zote. Namba moja kwenye karatasi itakupunguzia maelezo mengi.

Sasa sinia.

Unasema si jambo la kupeleka kikaoni. Mimi nasema liandike la kwanza, kwa maneno hayo hayo uliyoniandikia. Watu wa miradi wanapouliza "malengo" wazazi wengi hujibu "apone" au "atembee", na mtaalamu hana la kuandika hapo. Jeraha la ubongo linalosababisha mtindio haliponi, ingawa pia halikui. Kinachozidi ni viungo kukakamaa vikikosa mazoezi na mkao mzuri, ndiyo maana sitaki upoteze mwaka mwingine. Lakini "akae mkekani ale sinia moja na wenzake" ni lengo ambalo kila aliyeko mezani ana kazi yake ndani yake. Ili akae anahitaji kiti cha chini kinachomshika mgongo na mabega, na hicho hakitoki ng'ambo: fundi seremala wa Wete akipewa vipimo anakitengeneza kwa mbao, na mtaalamu ndiye atakayesema kama miguu inyooke mbele au akae juu ya kigoda. Ili ale bila kukohoa wewe na bibi yake mnahitaji kufundishwa kulisha. Ili mkono wake ufike kwenye sinia anahitaji mazoezi, na pengine kijiko chenye mpini mnene, ambacho hata kipande cha ndara kinaweza kukifanya. Ili wenzake wamzoee karibu nao hakuhitajiki pesa hata senti. Umeona? Neno moja la nyumbani limezaa bajeti.

Na hapo kwenye kulisha usisubiri kikao. Mtoto akilishwa kalala, kichwa kimeanguka nyuma, chakula huweza kupita njia ya pumzi, na kile kifua kinachorudi rudi mara nyingi hutokea hapo. Leo leo mwinue. Mkalishe mapajani mgongo wake ukiwa umesimama kwenye kifua chako, kidevu kiinamie mbele kidogo, kijiko kidogo, uji mzito kuliko unavyouzoea, na umngojee ameze kabla ya kijiko cha pili. Dakika zitakuwa nyingi. Ziandike kwenye daftari.

Vipimo vya kiti uvichukue mwenyewe, usiende mikono mitupu. Azima futi kwa fundi cherehani. Mama mkwe amshike mtoto akae sawasawa, magoti yamekunjwa. Pima upana wa nyonga, kutoka nyuma ya matako mpaka nyuma ya goti, kutoka goti mpaka kisigino, kutoka anapokalia mpaka begani. Mtaalamu atapima tena, na atakuheshimu kwa kukuta umeshapima. Pima na njia pia: upana wa mlango wenu, upana wa kichochoro pale panapobana zaidi. Kama simu ya mtu inapiga picha, piga kichochoro kile, piga mashua maji yakiwa yametoka, piga mtoto akiwa ndani ya kile kigari cha mtu mzima shingo imejikunja. Picha hiyo ya mwisho inasema kuliko mimi na wewe. Halafu waulize wazi kama kigari kile kinaweza kurudishwa apewe mtu mzima ambaye kitamfaa. Hapo hata wale wapita njia watanyamaza.

Tusisahau fedha zisizoonekana. Mradi ukikulipia mazoezi Wete lakini nauli ikabaki juu yako, hutakwenda, nami najua hutakwenda. Tuseme mashua na gari, kwenda na kurudi, wewe na mtoto na anayekusaidia kubeba, ni shilingi 6,000. Mara mbili kwa mwezi ni 12,000, kwa mwaka 144,000. Iandike kwa bei zenu za kweli. Andika pampasi, sabuni, betri za tochi ya usiku, dawa za kifafa. Hizo dawa zitaje kwa nguvu: zikikatika ghafla kifafa kinaweza kurudi kwa ukali na kuhatarisha roho yake, kwa hiyo waambie ni mara ngapi ulikwenda ukaambiwa hazipo, na waulize nani atahakikisha zipo kila mwezi. Na andika mgongo wako. Ndiyo, wako. Mtoto anakua na mbeleko haikui. Kama unaumwa kiuno, hilo nalo ni hitaji la mtoto, kwa sababu siku utakayoanguka wewe hana wa kumbeba. Waombe wakufundishe kumwinua bila kujivunja, na uulize kama kuna wa kukupokea japo asubuhi moja kwa wiki.

La mambo ya choo mbele ya ami. Hapo uko sahihi kabisa, na usijilazimishe. Kabla ya siku yenyewe mpelekee ujumbe afisa wa ustawi kwamba kuna mambo ya mtoto wa kike utayaeleza kwa mwanamke pembeni. Ni ombi la kawaida na stara ya mwanao ni haki yake. Sheha ana nafasi yake, anaijua shehia na anaweza kusaidia mambo ya njia na vyeti, lakini si lazima asikie kila kitu. Mwambie huyo mwanamke yote, na mkumbushe kuwa miaka michache ijayo binti atavunja ungo, ili lisije likawakuta hamjalipanga.

Mama mkwe. Watu watakwambia umwache nyumbani kwa sababu ya maneno yake ya shetani. Mimi nasema nenda naye. Yeye ndiye anayekesha, hakuna shahidi mkubwa kuliko yeye. Usibishane naye kuhusu bahari. Mwombe tu aeleze anachokiona saa 8 za usiku. Na mtaalamu akiwa pale, akieleza kwamba ubongo wa mtoto unaweza kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa akikosa hewa, au utotoni kwa manjano makali au homa ya uti wa mgongo, atalisikia kwa mtu asiye mkwe wake. Dua zake aendelee nazo. Dua na mazoezi havigombani.

Baba yake mpigie simu kabla, akwambie neno lake, uliandike daftarini: "Baba yake anasema hivi." Asije akarudi dago akaona mambo yamepangwa juu ya kichwa chake.

Na mtoto mwenyewe aende. Si lazima akae dakika zote 45, mkubwa wake anaweza kutoka naye nje akichoka. Lakini waingie wamwone, wamsalimie kwa jina lake. Wakimzungumzia kama hayupo, wewe mgeukie umwambie wanachosema. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mkataba huo unampa mtoto haki ya kusikilizwa kwa njia yake. Yake ni macho na maneno matatu. Zanzibar pia tuna Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011. Sikupi hizi ukapigane nazo. Nakupa ili ujue kwamba huendi kuomba fadhila.

Karatasi uzitie kwenye mfuko mmoja wa plastiki, mashua isikutie hasara: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua za hospitali, vichupa vya dawa anavyotumia, daftari lako. Toa nakala, usiwaachie asili.

Mwisho wa kikao usitie dole gumba mpaka usomewe yote yaliyoandikwa, kwa Kiswahili, taratibu. Ukisikia "hali nzuri" mwambie asimame hapo. Uliza kila jambo litafanywa na nani na lini, na omba nakala yako. Uliza tarehe ya kuonana tena, kwani mtoto anakua na kiti cha mwaka huu hakitamtosha mwaka kesho kutwa. Uliza pia, wasipotimiza, ukamwambie nani. Wakikuzungusha, kuna Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, uliopo tangu mwaka 1985. Wao wenyewe ni watu wenye ulemavu na wamekaa vikao vingi kuliko sisi wote.

Ukilia, lia. Futa machozi, rudi kwenye daftari pale ulipoweka kidole. Ulimi ukiwa mzito, mpe mwalimu daftari asome yeye. Darasa la saba lililoandika siku nne za mtoto huyu linajua mambo ambayo hapana mwenye shahada mezani pale anayajua.

Sasa swali lako. Watakapokuuliza "Hajambo mtoto?", wajibu kama ulivyofundishwa na mama yako: "Hajambo, alhamdulillahi." Kisha lifungue daftari uliweke mezani, na useme: "Salamu tumeshapeana. Sasa nataka niwaambie anavyoishi. Mwanangu ana miaka saba na hajawahi kula sinia moja na wenzake."